Pete ya Gome

Pale bustani ya manispaa walimwita Profesa, ingawa shule aliiacha akiwa na miaka kumi na tatu. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kubebesha, yaani kupachika vikonyo vya mti mmoja kwenye shina la mwingine. Alibebesha micheri ya maua, ile ya rangi ya waridi yenye petali zilizobanana kama kabichi changa, na hakuna aliyeijua kama yeye. Alijua kwamba mcheri haupogolewi wakati wa baridi na unyevu, maana kidonda kibichi hukaribisha maradhi. Hupogolewa kiangazi, jua likiwa kali. Akiona tone la utomvu kwenye gome, angekwambia mti unaumwa nini na tangu lini. Vijana aliowafundisha walimpenda mno. Wengine walifika hadi nyumbani kwake kujifunza, mkewe akawaletea chai, naye kila mara akatoa utani uleule: "Huyu mke wangu akigusa jiwe, linanyauka." Vijana wakaangua kicheko. Mke naye alicheka, akakusanya vikombe.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimwachia macho, masikio, akili timamu na mkono wa kushoto uliolegea. Ulimi haukumfaa tena. Mkewe alimwogesha, akamnyoa, akamlisha kwa kijiko, hata majirani wakawa wanamtaja kama mfano kwa binti zao. Kila asubuhi alimkalisha dirishani atazame mcheri wa uani.

Mti huo Profesa aliupanda wiki ile waliyomzika mtoto wao wa pekee, binti wa miaka minne. "Ni wake huu," aliwaambia watu, na watu wakajifuta machozi. Mkewe hakuruhusiwa kuugusa.

Kiangazi cha pili cha ugonjwa wake, mchana kweupe, mke alitoka uani na kisu cha kubebeshea. Profesa alidhani anakwenda kuondoa tawi kavu. Mwanamke akapiga magoti, akalizungushia shina kisu mpaka alipoanzia, akashuka upana wa vidole vinne, akazungusha tena. Gome la katikati akalibandua taratibu, kama mtu anayemvua mtoto soksi, akakwangua mpaka shina likabaki jeupe mviringo mzima. Macho yalimtoka Profesa pima. Ilikuwa kazi safi. Kati ya vijana wake wote hakuna ambaye angeifanya vile.

Mke akarudi ndani, akanawa mikono, akavuta kiti karibu naye.

"Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome," alisema. "Ukilikata pande zote, mizizi inakufa njaa. Si ndivyo? Uliwafundisha vijana, mimi namimina chai. Hukudhani na mimi nina masikio."

Profesa akanguruma.

"Siku ile mtoto anawaka homa, nilikufuata kitaluni. Nikakuomba tumpeleke hospitali. Ukaniambia, 'Ngoja nimalize hivi vikonyo, vitakauka.' Nilisimama nikavihesabu, mume wangu. Vilikuwa vimebaki kumi na moja. Nikaondoka naye peke yangu. Alifia mgongoni mwangu, na mpaka leo sijui ni kwenye kona ipi ya njia."

Alimfuta mate kidevuni.

"Sitakunyima chakula wala sitakupiga. Nitakutunza vizuri sana. Wewe utatazama tu."

Baridi ilipokaribia alilifunga shina kwa gunia, na jirani aliyechungulia akamsifu kwa kuukinga mti.

Majira ya machipuko yalipofika, mcheri ulichanua kuliko miaka yake yote. Matawi yalielemewa, barabara nzima ikapata wekundu. Watu walisimama ukutani na watoto mabegani. Profesa peke yake alijua maana yake: utamu wote uliokosa njia ya kushuka ulikuwa umebaki juu. Akalia. "Maskini, anafurahi," wakasema.

Lakini alijua pia kwamba dawa ipo. Vijiti vya mti uleule vikipachikwa kuvuka kidonda, juu hadi chini, chakula hupata daraja. Alihitaji mtu mmoja tu wa kufungua gunia lile.

Mtu huyo alikuja. Mwanafunzi wake wa zamani, sasa mkuu wa bustani, aliingia na kofia mkononi, akamwinamia.

"Shikamoo, mwalimu. Mti wako umetutia aibu sisi wote!"

Profesa akainua mkono wa kushoto kuelekea shina. Jasho lilimtoka. "Go... go..."

"Anasemaje, mama?"

"Goti," alijibu mke. "Linamsumbua siku hizi. Ngoja nimpake dawa."

"Go... m..."

"Pole, mume wangu, pole." Akapandisha suruali, akaanza kumkanda goti kwa upole, akimtazama machoni.

Mkuu wa bustani akatikisa kichwa kwa huruma. "Una mkono wa heri, mama. Tulidhani bila mzee mti huu utakufa."

"Yeye ndiye aliyenifundisha," mke akasema.

Majani yalitoka madogo, yakageuka manjano kabla ya wakati wake. Mwaka uliofuata hakikuchipua kitu. Mkuu wa bustani alikuja na msumeno, akafungua gunia, akachuchumaa kulichunguza shina.

"Nani kafanya hivi, mama?"

"Panya, labda."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ile pete, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Aliuangusha mti, akapakia magogo, akaondoka bila kuingia ndani kumuaga mwalimu wake.

Mke aliingia na bakuli la supu.

"Umelia machipuko mawili kwa ajili ya mti," alisema. "Kwa mwanangu sikuona hata chozi."

Profesa alifumba macho amtafute mtoto akilini. Ulimjia mche ulivyokuwa wiki ile, urefu wake, kamba aliyoufungia, machipukizi yake saba. Uso wa mtoto haukuja. Alipofumbua macho kijiko kilikuwa mdomoni. Supu ilikuwa na joto la kadiri, naye alikuwa na njaa, akanywa yote.