Nyaya za Gari la Zéphirin

Wivu unauma, asikudanganye mtu. Siku tatu mfululizo mke wangu, Katungu, alirudi kutoka kambi ya Munigi akilisifu gari la Zéphirin: lina betri mbili, lina mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, na wakimbizi wa vita vya Rutshuru wanachajia simu humo kutwa nzima. Mimi ni fundi umeme wa magari, miaka kumi na minane hapa mtaani Katindo, na sikumbuki ni lini aliisifu kazi yangu hivyo.

Siku ya nne nikaenda mwenyewe. Nilitaka kasoro moja tu, niitangaze mbele ya watu wote.

Zéphirin alikuwa kando ya hema na mke wangu, wanacheka. Boneti ilikuwa wazi injini ipoe. Nikainama. Betri ya pili imefungwa kwa mkanda wa chuma, haitikisiki. Fyuzi iko shubiri moja tu kutoka kwenye betri, si kule mbali ambako wavivu huiweka. Waya mnene umevishwa mpira unapopita kwenye tundu la bati, usije ukachunika na kuwaka. Relei, ile swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, inazitenganisha betri injini ikizimwa, ili ile ya kuwashia gari isinyonywe. Hivyo ndivyo ninavyofunga mimi! Damu ikanichemka. Ameniibia ufundi, na sasa anamchekesha mke wangu.

Nikaichomoa fyuzi, nikaitia mfukoni.

Simu zote zikaacha kuchaji. Mama Nyiramahirwe, aliyekuwa akingoja kumpigia mwanawe aliyebaki Rutshuru, akauliza kulikoni. Zéphirin akashika kichwa, akasema yeye hajui lolote kuhusu nyaya. Akamwita Katungu.

Mke wangu akaja na kipimo cha umeme, kile changu cha zamani nilichodhani kimepotea. Akagusa betri, akagusa waya, akaona nafasi tupu. Hakutafuta chini. Aligeuka akanitazama.

"Ni miye nilifunga hii motokari, Papa Lévi," akasema polepole. "Miaka yote nilikuwa nakushikia taa. Nilikuombaka unifundishe, ukanicheka mbele ya batu."

Watu walisogea karibu, simu zao mikononi. Katungu akanyoosha kiganja.

"Leta fizibu."

Nikaitoa ile fyuzi mfukoni, mbele ya watu wote.