Dada Yuko Chini

Tangu akiwa mtoto walimwita Tiara, kama kile kishada kinachorushwa kwa uzi, kwa kuwa hakujua kukaa mahali akatulia. Jina likamganda hata alipokuwa rubani wa glaida, ile ndege nyembamba isiyo na injini inayovutwa hadi juu kisha ikaachwa ijitafutie riziki angani. Alipochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya dunia ya marubani vijana, watu wa klabu walimpa mkono, wakampiga mgongoni, na kila aliyempongeza alimalizia kwa kumtupia dada yake jicho la pembeni.

Sababu haikufichika. Nafasi ile ilikuwa ya dada. Yeye ndiye aliyemfundisha Tiara kuruka, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya nne mashindano yaliyopita, na pedali za ndege ya mashindano, moja tu waliyokuwa nayo klabuni, zililika kwa viatu vyake. Kisha akashika mimba. Mashindano haya yalikuwa ya mwisho kwake kabla hajapita umri unaoruhusiwa, na yalimkuta ananyonyesha. Hakulalamika. Alisema tu, "Basi nitakuwa mtu wako wa chini," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mtu wa chini ndiye anayeunganisha mabawa asubuhi na kuyapangusa wadudu. Ndiye anayeshika ncha ya bawa na kukimbia nayo ndege inapoanza kuvutwa. Na rubani akiishiwa na hewa ya kumbeba akatua shambani mwa watu, ndiye anayekuja na gari na tela kumzoa.

Walisafiri wanne: Tiara, dada, shemeji, na mtoto wao mchanga, ambaye shemeji alimpa cheo cha Bosi kwa sababu wote walifanya kazi kwa ratiba yake na hakuwahi kuwashukuru. Shemeji alikuwa kinyozi. Kupanda ngazi tu kulimtia kizunguzungu, lakini alikuja na mashine yake ya kunyolea, na haukupita muda marubani wa nchi tofauti wakawa wanapanga foleni mbele ya hema lao wakisubiri kiti cha kukunja.

"Shemeji, umekuja kunisaidia au kufungua tawi?" Tiara alimuuliza.

"Nawanyoa wapinzani wako," shemeji alijibu bila kuinua macho. "Kule juu kuna baridi. Kichwa kikipigwa na baridi, akili inaganda. Huo ndio mchango wangu."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Asubuhi ndege zilipangwa kwa mistari kwenye nyasi, nyeupe tupu kama mashuka yaliyoanikwa. Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto ilianza kupanda, marubani wanaiita lifti, na juu ya kila lifti nzuri likafunga wingu kama donge la pamba. Kazi ya rubani ni kuitafuta lifti, kuzunguka ndani yake hadi juu, kisha kuteleza kwenda kutafuta nyingine, mpaka amalize njia iliyopangwa na kurudi. Mwenye kasi kuliko wote ndiye bingwa wa siku.

Tiara aliruka akiwa na swali moja kichwani: dada angefanyaje hapa? Akikuta mawingu mawili, alichagua lile ambalo dada angelichagua. Akisita, aliminya kitufe cha redio, na sauti ya dada ikamjibu kutoka chini, mara nyingine Bosi akilia nyuma yake. Siku ya tatu alikuwa wa sita, na mwalimu wa timu, aliyekuwa ametangulia kufika, akaanza kumwangalia kwa matumaini.

Siku ya nne akafika kwenye bonde pana ambalo wingu zito lilikuwa limelifunika lote. Chini ya kivuli kama kile ardhi hupoa na lifti hufa. Wenzake walikuwa wakizunguka ukingoni taratibu, wakijikusanyia kimo kabla ya kuvuka. Tiara alikumbuka hadithi iliyosimuliwa klabuni kila mwaka, jinsi dada alivyofika kwenye bonde la namna ile akawaacha wenzake wakizunguka, akavuka moja kwa moja. Hakuminya kitufe. Aliinamisha pua ya ndege akaenda.

Kidude cha kupimia kupanda, ambacho kwenye lifti hulia kwa furaha kama kifaranga, kilianza kuguna. Kikaguna bonde zima. Alipofika katikati alijua kwamba hafiki ng'ambo, na mawazo ya ushindi yakamtoka yote kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akatafuta shamba. Aliliona moja lililokwisha kuvunwa, refu, lisilo na nyaya za umeme, akalizunguka, akashusha gurudumu, akatua juu ya mabua kwa mshindo mdogo. Ndege ikasimama, ikaegemea bawa moja. Juu yake, wenzake walipita mmoja mmoja kwa utulivu, wakiwa na kimo cha kutosha.

"Nimetua," aliiambia redio. "Mimi mzima, ndege nzima."

"Sawa," dada alijibu. "Kunywa maji. Tunakuja."

Walikuja jua likiwa limeshapungua ukali. Shemeji alikuwa kwenye usukani, na kurudisha nyuma gari lenye tela kulimshinda kabisa. Kila alipokata kulia, tela lilikwenda kushoto. Mwenye shamba, mama mmoja mnene aliyekuwa ameshuka kwenye trekta lake kuja kuuliza nani kamtupia ndege kwenye mabua yake, alitazama kwa muda, akamwomba shemeji ahame kiti, akalirudisha tela mwenyewe mpaka mkiani mwa ndege. Kisha akambeba Bosi, na tangu hapo hakuwa na lawama na mtu.

Kazi ya kufungua mabawa haikuchukua muda. Walipomaliza, dada aliketi kwenye ukingo wa tela, akamchukua mtoto kumnyonyesha. Shemeji, ambaye alijua wakati wa kutoonekana, alikwenda kusifia trekta.

Tiara alibaki amesimama, akichokonoa mabua kwa kiatu.

"Nimefanya kama ambavyo wewe ungefanya," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye bonde. Wewe ulivuka moja kwa moja. Mwaka ule."

Dada alifikiri. "Mwaka ule kulikuwa na mtu anachoma majani ng'ambo. Niliuona moshi unapanda wima kama nguzo, nikajua lifti ipo palepale. Watu wakisimulia huwa wanausahau moshi." Akamhamisha mtoto upande wa pili. "Wewe leo uliona nini?"

"Nilikuona wewe," Tiara akasema.

Dada alisogea kumpa nafasi. Tiara akakaa, mabega yao yakagusana. Bosi alikuwa akimeza kwa pupa.

"Nikuulize kitu," Tiara alisema. "Usinijibu kwa kunihurumia. Unaona nimekunyang'anya?"

Dada hakujibu haraka, na Tiara akashukuru kimoyomoyo, kwa kuwa jibu la haraka lingekuwa la uongo.

"Asubuhi, ndege zikishapangwa, naumia," dada alisema hatimaye. "Naumia sana, mdogo wangu. Naangalia mawingu na mikono inaniwasha. Halafu nashika bawa lako, unavutwa, unaondoka. Hapo naacha kuumia naanza kuogopa, na siogopi ndege. Naogopa utarudi umenuna kama leo, kwa sababu umejitwisha safari yangu juu ya yako." Akamfuta mtoto mdomo kwa kidole. "Huyu hakunipokonya kitu, wala wewe. Nilichagua. Kitu ukikichagua bado kinaweza kuuma. Lakini ukienda juu kuruka kwa ajili yangu, basi wote wawili tumekaa chini. Nani anaruka?"

Tiara alilia kidogo, kilio cha kimya. Dada alimpa Bosi ambeulishe, kwa sababu mtu mwenye mtoto begani hawezi kulia vizuri.

Baada ya siku ile, Tiara hakuuliza tena kwenye redio, na dada hakumwita. Kutua shambani kulikuwa kumemshusha hadi karibu na mkia wa orodha, lakini akapanda tena kidogokidogo. Siku ya mwisho mawingu yalikuwa machache na dhaifu. Wengi walikuwa na haraka ya medali. Waliacha lifti changa wakakimbilia mawingu ya mbele, na walipofika wakayakuta yanayeyuka. Tiara alibaki kwenye lifti moja nyonge kupita kiasi, akipanda kwa kubembeleza, huku vidole viwili tu vikigusa usukani. Kijana mmoja wa nchi nyingine alikuja akajiunga naye upande wa pili wa duara. Walizunguka hivyo, wakitazamana kupitia vioo, bawa kwa bawa, hadi wakawa juu kabisa ya kila mtu. Kijana akampungia mkono, naye akampungia. Kisha kila mmoja akashika njia anayoiamini.

Tiara aliiamini mistari ya vumbi aliyoiona nyuma ya matrekta, ikiinuka upande wa milima. Hakuna aliyemwambia. Alikwenda nayo, ikambeba, na alipovuka mstari wa mwisho wengi walikuwa bado njiani au mashambani. Akawa wa tatu kwa siku ile, na wa kumi na mbili kwa jumla. Hakuna medali ya wa kumi na mbili. Dada alikuja mbio kwenye nyasi na mtoto kiunoni, akashika ncha ya bawa kabla halijagusa ardhi. Alitabasamu tu mpaka Tiara akaona aibu.

Kesho yake, mahema yakifunguliwa, Tiara alikwenda kwa mwalimu mkuu wa klabu iliyowakaribisha. Walikuwa na glaida ya kufundishia, kuukuu, ya viti viwili, rangi imebabuka. Alirudi na parashuti mbili.

"Hii ya nani?" dada aliuliza.

"Yako. Unakaa mbele."

"Bosi atanyonya saa ngapi?"

"Nendeni," shemeji alisema, akimpokea mtoto. "Sisi tuna mazungumzo ya wanaume. Ila msiniambie mlifika juu kiasi gani."

Walivutwa hadi chini ya wingu la kwanza, kamba ikaachiwa, kelele zikaisha. Tiara, aliyekaa nyuma, aliinua mikono ili dada aione kwenye kioo kidogo cha pembeni.

"Ni yako," alisema.

Duara la kwanza la dada lilikuwa baya, limepinda kama la mwanafunzi. Akacheka mwenyewe. La pili likakaa sawa. La tatu, Tiara alihisi ndege nzima ikitulia, kama farasi aliyemtambua mwenyewe, na kile kidude kikaanza kulia kwa furaha. Aliitazama shingo ya dada mbele yake, iliyokuwa imekakamaa kwa miezi, ikilegea. Chini, kinyozi alikuwa nukta moja kwenye nyasi, na nukta ile ilikuwa imebeba nukta nyingine. Dada alitoka kwenye lifti ile akaenda akatafuta nyingine, kisha nyingine tena, akisoma mashamba na paa za nyumba kama mtu aliyerudi mtaani kwao.

Baada ya muda mrefu alijishika kifuani.

"Maziwa yamejaa," alisema. "Inabidi tushuke."

"Duara moja tu," Tiara alisema.

Wakapiga mawili, kisha dada akaigeuza pua ya ndege kuelekea uwanjani, akawashusha.