Chewa wa Bi Shamsa

Bi Shamsa alizaliwa Kariakoo, babake alikuwa mkaanga samaki pale Feri, na kwa kujisifia hilo mtaa mzima haukupumua. Samaki aliwajua: kibua kwa ukwaju, changu kwa nazi, pono wa kupaka. Wakiwa hai wanaogelea hakuwahi kumwona hata mmoja, lakini hilo hakulisema, na nani angemuuliza?

Basi mkwewe Abubakary, mume wa bintiye, mtu wa Tunduru mwenye duka la vioo Mtaa wa Swahili, akajiundia tangi la samaki sebuleni. Maji ya bahari akayapandisha kwa madumu mpaka ghorofa ya tatu. Akatia vijisamaki sita vya rangi ya chungwa, vina mikanda myeupe, kila kimoja kama kidole gumba.

"Namtaka wa saba," akasema. "Ila mama, yataka kuchagua. Wapo wanaokula wenzao. Nimesoma, kwanza unamtazama mdomo."

"Umesoma!" Bi Shamsa akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Wa Tunduru unifundishe samaki mimi? Niachie hiyo kazi."

Kesho yake akaenda Feri, akamwona mtoto wa chewa kwenye ndoo ya mvuvi, ana madoadoa, katulia kama bwana harusi. Mdomo aliuona ni mkubwa. Akasema moyoni: hata mimi ninao mkubwa, na sijala mtu. Akamnunua, akamtia tangini.

Siku ya pili vijisamaki vikawa vinne. Ya tatu, viwili. Tumbo la chewa Bi Shamsa aliliona lilivyotuna, lakini akikiri, jina lake alipeleke wapi?

Nyumbani alikuwepo mgeni, Bi Sitara, mamake Abubakary, aliyekuja mjini kutibiwa macho. Mama wa watu mkimya, hata kikohozi chake kilibisha hodi. Ijumaa, sinia la pilau likiwa katikati na Abubakary akiuliza vijisamaki vyake vimekwenda wapi, Bi Shamsa akatupa lake:

"Mimi simtaji mtu. Ila huko bara samaki wa bahari ni adimu, na mafuta jikoni naona yamepungua."

Macho yote yakamwendea Bi Sitara. Akalirudisha tonge siniani, akanawa mikono.

"Mwanangu," akamwambia Abubakary, "nikatie tiketi ya kesho."

Hapo ndipo Nasreen, bintiye Bi Shamsa, alipopiga ukelele. "Mama! Tazama!"

Chewa alikuwa amesimama kwenye kioo, kawaelekea wote, na mkia wa rangi ya chungwa umemtoka mdomoni. Bado unachezacheza.

Abubakary angefoka ingekuwa nafuu. Aliinamisha kichwa tu, kwa adabu ya mkwe. Bi Shamsa alivuta mtandio mpaka ukafunika kidevu.

"Nilijua," akasema mwishowe, sauti ndogo. "Tangu juzi nilijua. Nikaona heri uaibike wewe mgeni kuliko mimi. Nisamehe, dada."

Bi Sitara akaikausha mikono kwa upindo wa kanga.

Bi Shamsa akachukua ndoo, akamchota chewa na maji yake amrudishe baharini alikotoka. Ndoo nzito, ngazi ndefu, na chini majirani wako barazani. Akasimama mlangoni, mguu hauendi.

Nyuma yake akasikia kandambili zikivaliwa. Mkono wa Bi Sitara ukaja ukashika mshikio wa ndoo kando ya wake.

"Twende wote," akasema. "Basi langu ni kesho, na mimi sijaiona hiyo bahari unayoijua."