Kibao cha Getini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mimi hushuka na mkasi na kikombe cha chai hadi kwenye tuta la maua ya mama, yale yaitwayo penstemoni. Hukata mashina yaliyokwisha kuchanua, kisha huchagua ua moja lililoanza kulegea na kulipasua kwa ukucha, toka mdomoni hadi shingoni. Ndani mna stameni tano, zile nyuzi za kiume za ua. Nne zina chavua. Ya tano haina kitu, ila ncha yake imeota ndevu.

Mama ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Stameni ile alikuwa akiiita mgeni. "Amekuja mikono mitupu," alisema, "amefuga ndevu, amekaa meza ya mbele. Lakini usipomwona, ujue hilo ua si letu."

Jumamosi moja bado nilikuwa na ua lililopasuka kiganjani nilipomwona Ba'mkubwa ameinama mwisho wa tuta na jembe. Mashina mawili yalikuwa tayari yamelala njiani, mizizi juu.

"Shikamoo, Ba'mkubwa."

"Marahaba, Msomi. Sogea usinimwagie chai. Nafanya kazi uliyopaswa kuifanya wewe."

"Kazi gani?"

"Kung'oa sumu. Kesho mjukuu wangu analetwa, na siku hizi kila anachokiona anatia mdomoni. Jana nimeonyeshwa picha kwenye simu. Maua kama kengele, yamepangana kwenye shina. Ukitafuna majani yake, moyo unasimama." Akapiga jembe chini ya shina la tatu, akalitikisa. "Haya hapa. Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, alitupandia kaburi nyumbani."

Ba'mkubwa ni kaka yake baba. Alikuwa karani wa ghala miaka thelathini, na tangu astaafu amekuwa bingwa wa maua. Hakuna aliyempa ubingwa huo. Siku moja alisimama kwenye mkutano wa wakulima wa bustani wa mtaani, akazungumza saa nzima, nao wakamfanya mwenyekiti ili aketi. Tangu hapo amevaa kilemba chake cha ukoka na hakivui hata kuoga.

Miaka miwili iliyopita, mama akiwa mgonjwa, alijitwika kazi ya kumtunzia tuta. Penstemoni hupenda udongo maskini, wenye changarawe, unaokauka upesi. Yeye akamwaga samadi nene kama blanketi, na kila jioni akafungulia mpira wa maji. Mimea ikanenepa, ikalala, ikaoza shingoni. Mama aliyatazama hayo yote dirishani. Ba'mkubwa akatangaza kwamba mbegu zilikuwa dhaifu. Mimi nilisimama pale pale, cheti changu cha chuo kikiwa hakijafikisha mwezi, nikasema, "Ndiyo, Ba'mkubwa." Mama alikufa kabla mbegu nilizookoa kwenye mimea hiyo hazijaota. Haya maua aliyokuwa akiyang'oa yalitokana na mbegu hizo, na mengine sina.

"Mwanangu," Bibi, mama yake, akaita kutoka barazani, alikokuwa akichambua maharage, "una hakika na hiyo sumu? Wewe miwani unaitafuta ukiwa umeivaa."

"Mama, mambo ya kitaalamu haya."

"Ndiyo maana nauliza kama kuna mtaalamu."

Nilipaswa kusema wakati ule. Lakini mimi ni mtu ambaye hata dukani, mteja akichukua chenji ya mwenzake, huona haya kumsemesha. Nikabaki naangalia jembe lake, na ndani yangu nikamcheka kama ilivyo desturi yangu. Tazama, nikajiambia, karani wa ghala asiyejua kusoma jani.

Maana majani yanasema wazi. Ya penstemoni hutoka mawili mawili, yakitazamana kwenye shina kama watu mezani. Ya lile ua la sumu aliloonyeshwa, dijitalisi, hutoka moja moja yakizunguka shina, tena yana manyoya laini kama sikio la paka. Mimi nafanya kazi duka la dawa, na dawa ya moyo inayotokana na ua hilo nimeihesabu kidonge kwa kidonge. Ukizidisha kidogo, haisamehe.

Na dijitalisi tulikuwa nayo. Ilikuwa getini.

Mwaka jana Ba'mkubwa aliileta kutoka sokoni ikiwa mche kwenye kopo. Muuzaji hakujua jina lake, lakini Ba'mkubwa alijua mara moja. Akaipanda getini, karibu na bomba, mahali pa heshima, akachonga kibao na kuandika kwa rangi nyeupe: PENSTEMONI. Wiki ya kwanza tu niliona manyoya ya majani yake. Ilipochanua mwaka huu, nilipasua ua moja yeye akiwa msikitini. Stameni nne. Mgeni hayupo. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaingia ndani, nikacheka hadi nikaketi sakafuni.

Tangu siku hiyo kibao kile kilikuwa burudani yangu. Wageni walipiga picha kando yake. Ba'mkubwa aliwahutubia, mkono mmoja mfukoni, naye kwangu akawa mdogo, mdogo, hadi nikamwonea raha kama mtu anavyoona raha kukuna upele.

Shina la tatu likang'oka. Akalitupa juu ya mengine, akajinyoosha na kufuta jasho.

"Usinune, Msomi. Sitamnyima mtoto maua. Achezee pale getini. Lile ni salama, nimelipanda kwa mkono wangu mwenyewe."

Mtoto yule ana meno manne. Wiki iliyopita alinitafuna kidole, akaniangalia usoni kuona kama nitakasirika.

"Usimpeleke getini, Ba'mkubwa."

"Ah. Wivu umeanza."

Nilimnyooshea kiganja chenye ua la mama. "Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Hizi nyuzi za ndani. Hesabu."

Labda ni sauti yangu iliyomshangaza. Akavuta miwani iliyokuwa kwenye paji la uso, akainama. "Tano. Moja ina ndevu."

Nikatangulia getini, akanifuata na jembe begani. Nilichuma ua moja chini ya kibao chake, nikalipasua, nikamshikia usawa wa macho. Akahesabu kimya. Akahesabu tena, akiligusa kwa ncha ya ukucha. Kisha akatazama majani, jinsi yalivyopanda shina moja moja, akayapapasa manyoya yake, akaondoa mkono upesi.

"Kumbe ndiyo hii," alisema taratibu.

"Ndiyo hiyo. Nenda kanawe."

Hakwenda. Alikuwa akikitazama kibao. Bibi alikuwa ameacha maharage yake, amekuja kusimama nyuma yetu.

"Umejua tangu lini?" Ba'mkubwa aliuliza.

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana. Na watoto wa mtaa mzima wanapita hapa kunywa maji. Ukanyamaza?"

"Mwache," Bibi akasema. "Unamjua mtoto huyu, ana haya. Kusema mbele ya wakubwa kunamshinda."

Bibi alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, wa kupita tu. Ba'mkubwa mwenyewe alikuwa ameanza kutikisa kichwa, tayari kunisamehe. Mikono yake ilikuwa na udongo wa tuta la mama hadi viwikoni, naye alionekana mzee kuliko nilivyomzoea.

"Si haya, Bibi," nikasema. "Nilinyamaza kwa sababu nakudharau, Ba'mkubwa. Tangu ulipoyaozesha maua ya mama naye anatazama dirishani. Nilikuwa nangoja mtu mwenye kujua aje, asome hicho kibao, akucheke mbele ya watu. Hao watoto sikuwafikiria hata siku moja."