Gari la Vitasa Vinavyozama

Wivu wa Fundi ulikaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake. Kwa miaka tisa, kila Alhamisi, kiti hicho kilikuwa cha mama yake, Fundi akimpeleka kliniki ya sukari huku wakipiga soga njia nzima. Kisha mdogo wake, kitindamimba anayependwa hata akikosea, akanunua gari la kifahari la umeme kutoka China, toleo ambalo halijatimiza hata mwezi sokoni. Alhamisi ya kwanza mama akapanda humo. Ya pili akapanda humo. Ya tatu Fundi akaenda kwa mama hivyo hivyo, akakuta wameshaondoka, akarudi gereji na kumgombeza kila mtu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijiambia, akaanza kukitafuta kidonda. Hakutafuta sana. Kulikuwa na video ikizunguka kwenye simu za mafundi: gari kama lile linagongeshwa ukutani kwa majaribio, umeme unakatika, na milango haifunguki, maana vitasa vyake huzama ndani ya bodi na havitoki bila umeme. Fundi aliitazama mara sita. Mwenye mapenzi angeingiwa na hofu. Yeye alifurahi, na alijua kwamba amefurahi.

Jumapili akaipeleka kwa mama.

"Mama, hilo gari ni jeneza lenye redio."

"Nyumba ya mdogo wako ulisema itapata nyufa," mama alijibu. "Mkewe ukasema hatamaliza mwaka. Acha kijicho, mwanangu."

Video yenyewe hakuimaliza.

Alhamisi iliyofuata, wakitoka kliniki, kitindamimba akalileta gari gereji. Alikuwa amegonga nguzo ya geti na kishikizo cha bampa kilikuwa kimekatika, kazi ya kuchomelea ya nusu saa. "Kaka, nakuamini wewe tu," alisema, akavuka barabara kununua maji. Mama akabaki ndani, kiti kimelazwa, kiyoyozi kikimpuliza, amefumba macho kwa raha.

Kabla ya kuchomelea, kila fundi hufungua waya wa betri ili mashine isiunguze kompyuta ya gari. Na kabla ya hapo, kila fundi humwambia aliyemo ndani ashuke. Fundi akachukua spana namba kumi. Akamtazama mama kupitia kioo, asiseme kitu, akafungua waya.

Kiyoyozi kikazima. Mama akafumbua macho, akabonyeza kitufe cha mlango, akabonyeza tena. Kioo nacho hakikushuka. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa halina huruma. Akaanza kugonga kioo kwa kiganja, na Fundi akajitia hamnazo, ameinamia betri, akimsubiri mdogo wake aje ajionee. Alitaka shahidi. Alimsikia mama akimwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyebaki analijua. Malori mawili yakapita kabla kitindamimba hajapata nafasi ya kuvuka.

"Fungua mlango," Fundi alimwambia alipofika.

Kitindamimba akabonyeza pale kitasa kilipozama. Akakwangua kwa kucha. Chupa za maji zikamponyoka. "Kaka, mbona haufunguki? Kaka, mama yumo!"

"Ndivyo itakavyokuwa siku ukigongwa."

Hapo ndipo akarudisha waya. Vitasa vikachomoza, mlango ukafunguka, mama akatoka jasho likimtiririka. Fundi akaeleza yote, akamwonyesha mdogo wake kamba ya dharura iliyofichwa chini ya mfuko wa mlango, ambayo hakuna muuzaji aliyemwonyesha. Kila neno lilikuwa la kweli. Kitindamimba akasema kesho atawafuata waliomuuzia. "Umetuokoa, kaka." Maneno hayo Fundi alikuwa ameyangoja kwa hamu, na sasa hayakuwa na ladha.

Mama alikunywa maji taratibu.

"Ulijua nimo ndani?"

Fundi alitazama spana. "Nilijua, mama."

"Na nilipokuita?"

"Nilisikia."

Mama akamwomba kitindamimba amwonyeshe tena ile kamba, akaivuta kwa mkono wake mara mbili, mlango ukafunguka mara mbili. Kisha akaingia, akashusha kioo, akafunga mkanda. Bampa ilikuwa bado inaning'inia. Fundi akafungua mlango wa pikapu, akasema atampeleka yeye, polepole, kama zamani.

"Hatari ya gari hili nimeshaijua, baba," mama alisema bila hasira, na akamwambia kitindamimba waondoke.