Aliyemfundisha Sauti Kusema Ng'ombe

Kuluthum alikuwa ameamua kuacha. Mchana aliwachapia watu barua katika duka la mjomba wake mjini Nakuru, na kila alipopata nafasi alirekebisha Sauti, programu ya bure inayowasomea vipofu maandishi ya kompyuta. Mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuichokora na kuiboresha. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2007 alipambana na kosa moja lililomkera: Sauti ikifika kwenye "ng'ombe" ilitamka "n-gombe", kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Aliposhinda, alimtumia kazi Wamalwa, aliyesimamia programu hiyo kutoka Gilgil. Wamalwa akajibu neno moja: "Imepokelewa."

Baada ya hapo, kimya. Nicodemus, aliyeanza naye, alikuwa ameshajitoa. Nyumbani kaka yake alimuuliza kila siku hiyo kazi ya bure ataila na nini. Mwezi wa saba Kuluthum akamwandikia Wamalwa kwamba amechoka.

Wamalwa alimpigia simu asubuhi iliyofuata.

"Sikulazimishi ubaki," alisema. "Lakini Jumamosi njoo pale ukumbi wa maktaba ya Nakuru. Kuna mtu nataka umwone kabla hujaenda."

Alikwenda shingo upande. Ukumbini alimkuta Nicodemus amekaa nyuma kabisa.

"Niaje. Kumbe na wewe umeitwa?"

"Mimi nimekuja kuona tu," alisema Nicodemus.

Mbele, kwenye kompyuta, alikaa mzee Singasinga mwenye kilemba cha bluu. Wamalwa alimtambulisha: Surinder, aliyeuza vipuri vya trekta mjini hapo hadi ugonjwa wa sukari ulipompofusha. Sasa alikuwa anaandika habari za maisha yake, na Sauti ilimsomea alichoandika.

Mzee alibonyeza kitufe. Spika zikasema, wazi kabisa: "Ng'ombe wetu wa kwanza aling'ang'ania mlangoni, akakataa kukamuliwa."

Watu wakacheka. Kuluthum hakucheka; aliitambua kazi yake.

"Zamani hii kitu ilikuwa inasema n-gombe," alisema Surinder. "Wajukuu wangu wanacheka mpaka wanaanguka. Mimi naona aibu, nafunga, siandiki tena. Halafu siku moja nafungua, nasikia ng'ombe, ng'ombe kabisa. Niliita nyumba nzima. Mke wangu akaacha chapati kwa moto akaja kusikiza. Toka hapo naandika kila siku. Namuuliza Wamalwa, nani alirekebisha? Ananiambia, mtu wa kujitolea. Sasa huyo mtu hana jina?"

Wamalwa alikuna kichwa. "Analo, mzee. Kosa ni langu. Nilipokea kazi za wanaojitolea, sikuwahi kuwaambia zinamfikia nani. Ni Kuluthum, amekaa pale."

Mzee alisimama, akageukia upande ambao Kuluthum hakuwapo, akanyoosha mkono. Kuluthum alienda mbio akaushika.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba, binti. Asante." Hakuuachia mkono. "Sasa niambie, mbona mbwa bado inamharibu? Inasema em-bwa."

Aliliandika neno hilo wote wasikie, na kweli: em-bwa. Kuluthum alivuta kiti bila kuuliza ruhusa. Alifungua faili la matamshi.

"Si hapo," ilisema sauti nyuma yake. Nicodemus alikuwa ameshafika mezani. "Neno fupi linapita kwa ile sheria ya silabi. Niliiandika mimi. Shuka chini kidogo."

Walibishana, wakafuta, wakajaribu. Mara ya kwanza Sauti ilisema "bwa" peke yake na mzee akapiga paja kwa kicheko. Mara ya pili ikasema: "Mbwa."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nicodemus alikuwa anairudia ile "mbwa" tena na tena, anatabasamu kama mtoto.

Toleo jipya lilipotoka, Wamalwa aliandika kando ya kila rekebisho jina la aliyelifanya na jina la aliyeliomba. Akaanza pia kuwapa watumiaji simu za waliojitolea, wakikubali. Surinder ndiye aliyepiga sana. Kuluthum alikuwa anapokea akiwa dukani, simu imebanwa begani, anachapa barua za watu huku akimsikiliza mzee akimlalamikia neno "mjukuu".

"Nipe hadi jioni, mzee," anamwambia. "Hilo nalipata."