Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Mwaka ule wa mgao wa umeme, Semeni alikuwa fundi wa kompyuta wa mradi mmoja wa mbegu pale Mafiga, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Alikuwa ameandika mwenyewe programu ndogo ya kuilaza kompyuta mtu akiifunika, ili betri isiishe.

Siku moja kompyuta ya Mama Juliana ililala, ikagoma kuamka. Mama huyo wa Mgeta alikuwa amepanda na kushuka milima wiki sita akiandikisha mbegu za maharage za wakulima. Kompyuta ilipozimwa kwa nguvu, kazi yote ikapotea.

"Umefunika haijamaliza kuhifadhi," Semeni alisema mbele ya kikao. "Hii si sufuria, mama."

Watu wakacheka. Mama Juliana akainamisha kichwa. Tangu hapo akanyang'anywa kompyuta, akapewa kazi ya kupanga mafaili ya karatasi.

Haukupita mwezi, kompyuta ya Semeni nayo ikagoma vilevile. Akaiunganisha kwa waya na nyingine, iwe inaandika huko kila hatua kabla ya kunyamaza. Akailaza, akaiwasha, akailaza tena, siku mbili nzima. Jumanne akaona. Programu ya kuhifadhi ilisimamishwa ikiwa bado imeishikilia diski, na programu yake yeye ilikuwa inaingoja diski hiyohiyo ndipo imalize kazi. Hii haiachii mpaka iamshwe, ile haiwezi kuiamsha mpaka iachiwe. Kisa, mistari miwili ya programu yake aliyoipanga kinyume.

Akairekebisha, akanyamaza. Nani angejua?

Ijumaa asubuhi alikutana na Mama Juliana mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ukipata nafasi nifundishe kufunika vizuri, nisije nikawaharibia tena."

Semeni alitamani ardhi ipasuke. Kikao kilipoanza alisimama.

"Ile kazi ya Mama Juliana niliipoteza mimi. Programu yangu ndiyo ilikuwa mbovu. Nisamehe, mama."

Safari hii hakucheka mtu.

"Ulijua lini?" Mama Juliana akauliza.

"Jumanne."

"Na asubuhi umeniamkia, ukaniacha niombe kufundishwa."

Jumatatu Mama Juliana alirudishiwa kompyuta, na Semeni akaomba kumsindikiza Mgeta kuandikisha upya. Kwenye nyumba ya kwanza mkulima alishangaa: "Mama, si ulishaandika haya?"

Mama Juliana akamtazama Semeni, akangoja.

"Niliyapoteza mimi, baba," Semeni akajibu, macho chini. Nyumba zilikuwa arobaini na tatu.